UMESOMA KWA NANI?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Vanga hadi Kiunga, huingia katika mashauri. Mmoja atapelekwa ualimu, mwengine uuguzi, mwengine ubaharia. Hayo ni mambo ambayo wazazi wameyazoea na hayana ugomvi. Ugomvi huzuka pale kijana anapojikohoza na kusema, "Baba, mimi nataka kusomea muziki." Hapo baba hunyamaza, mama humtazama baba, na mjomba aliyekuja kwa maamkizi huomba aongezewe chai ili apate la kufanya.

Swali la kwanza katika mashauri hayo huwa ni la dini, nalo si dogo. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya ala za muziki tangu zamani. Wako waliozikataza kwa hoja zao, na wako waliofafanua na kuweka masharti, kama Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya yake aliliwekea jambo la usikilizaji kitabu chake mbali. Sisi waandishi wa gazeti si mamufti, na ukurasa huu hautoi fatwa. Mzazi anayeona haifai anao mashekhe wake wa kumwongoza, na hatuna neno naye. Maneno yetu ya leo ni ya yule mzazi aliyekwisha kushauriana na kuridhika, na sasa amebakiwa na swali la pili, ambalo watu hulipita mbio kana kwamba jibu lake lajulikana: ampeleke mwanawe chuo gani?

Twasema hulipita mbio kwa sababu namna vyuo vinavyochaguliwa siku hizi yajulikana na kila mtu. Kijana huona tangazo lenye picha ya studio inayong'aa, vipaza sauti, piano nyeusi na vijana wanaocheka. Chini yake pameandikwa kwamba ni miaka miwili tu. Baba huuliza karo ni kiasi gani. Akiimudu, mambo yamekwisha. Asipoimudu, hutafutwa chuo chenye picha kama zile kwa bei nafuu. Karo italipwa, pengine kwa kuuza mbuzi au kipande cha shamba, na kijana atatoa miaka miwili ya ujana wake ambayo hairudishwi na mtu. Na katika yote hayo hakuna aliyeuliza swali moja ambalo babu zetu hawangelisahau hata kidogo.

Tazama neno lenyewe. Kabla ya kuja vyuo vikuu na vyuo vya ufundi, chuo kwa Mswahili kilikuwa ni mahali mtoto anaposomeshwa Kurani. Na chuo hicho aghalabu hakikuwa na lango wala ubao wa jina. Kilikuwa ni baraza ya nyumba, au ukumbi, au kibanda cha makuti, majamvi chini na watoto wamekaa duara. Kilijulikana kwa jina la mwenye kukisomesha: chuo cha Maalim fulani, chuo cha Bi fulani. Mzazi aliyetaka kumtia mwanawe chuoni hakutazama paa. Aliuliza maalim mwenyewe amesoma kwa nani, hupiga mno au ana subira, na waliohitimu kwake wanasoma vipi. Na yule aliyeendelea mbele katika ilimu hata akapewa ijaza, karatasi ile haikupata thamani kwa muhuri wala kwa wino. Thamani yake ilikuwa ni ile silsila ya majina: huyu kasoma kwa huyu, na huyu kasoma kwa yule, hadi juu. Ukiwaondoa walimu, ijaza yabaki karatasi.

Kauli yetu ni kwamba muziki nao ni ilimu ya aina hiyo hiyo, inayopita mkononi na sikioni kutoka kwa mtu hadi mtu. Basi na chuo chake kichaguliwe vivyo hivyo. Wa kuchaguliwa kwanza ni mwalimu. Jengo, karo na jina la cheti vifuate nyuma.

Silsila za watu wa ala

Haya si maneno mapya. Inasimuliwa Unguja kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alipotaka muziki wa ala katika jumba lake alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri akajifunze kupiga kanuni, yaani ala ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Sultani angeweza kununua kanuni kumi akazipanga barazani. Lakini alijua kwamba ala bila ya mwalimu ni samani tu, kwa hivyo akamtuma mtu aifuate ilimu ilipo. Mwaka 1905 kikundi cha Ikhwani Safaa kikaundwa, nacho kimeendelea hata zama zetu hizi. Mtu mmoja alipelekwa kwa mwalimu, na taarabu ya pwani nzima ikapata moja ya mizizi yake.

Na tuitazame Baghdad. Katika miaka ya 1930 aliletwa huko Sharif Muhiddin Haydar, aliyezaliwa Istanbul mwaka 1892, kutoka ukoo wa masharifu wa Makka. Baba yake, Sharif Ali Haydar, ndiye Waturuki waliyemteua kuwa Amiri wa Makka mwaka 1916. Bwana huyu alikuwa bingwa wa udi, akawekwa kuongoza chuo cha muziki. Waliokaa mbele yake wakajifunza ni kina Jamil Bashir, nduguye Munir Bashir, na Salman Shukur, na majina hayo hayahitaji kuelezwa kwa mtu anayejua udi. Na Baghdad hiyo hiyo ndiko alikohitimu mwaka 1987 Naseer Shamma, ambaye mwaka 1998 alifungua Nyumba ya Udi mjini Cairo, na mwaka 2008 ikafunguliwa nyengine Abu Dhabi. Hebu niambie, ndugu msomaji, hii ina tofauti gani na silsila ya ijaza? Kijana akitoka katika nyumba hizo na kuulizwa amesoma kwa nani, ana jibu.

Sikio la mwanafunzi

Pana sababu nyengine inayomhusu kijana wa pwani hasa, nayo ni ya sikio.

Katika piano, kutoka sauti moja hadi mwenziwe wa juu mna hatua kumi na mbili zilizo sawa. Baina ya ufunguo mmoja na jirani yake hamna kitu, mlango umefungwa. Lakini katika maqamu ya Kiarabu ziko sauti zinazokaa katikati hapo. Sauti ya tatu ya Rasti na sauti ya pili ya Bayati hazipatikani katika piano ya kawaida, kwa sababu ziko baina ya funguo mbili. Wenyewe huita tofauti hiyo robo. Udi huzitoa bila taabu, maana shingo yake haina vizuizi na kidole chaweza kukaa popote. Fidla ni hivyo hivyo. Kanuni, yenye nyuzi zaidi ya sabini, ina vipande vidogo vya chuma ambavyo mpigaji huviinua na kuvishusha ili kuipata sauti hiyo.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya mbali. Yeyote aliyekuwa akisikiliza visomo vya Sheikh Mustafa Ismail au Sheikh Abdul Basit Abdul Samad wa Misri anaijua sauti ya Bayati, hata kama hajapata kulisikia jina lake. Hatusemi Kurani ni wimbo, hasha. Kisomo kina adabu zake na hukumu zake. Twasema tu kwamba sikio la mtoto wa hapa limelelewa humo tangu utotoni. Umm Kulthum mwenyewe alianza kwa kuimba kaswida pamoja na baba yake, aliyekuwa imamu wa kijiji.

Sasa mchukue kijana huyo mwenye sikio lililolelewa hivyo, umtie katika chuo ambacho ala ni piano na gitaa tu, na ambacho sauti ikikaa baina ya funguo mbili mwalimu humwambia, "Umekosea, rudia." Kwa miaka miwili atasahihishwa jambo ambalo halikuwa kosa. Atatoka anajua mengi, hatukatai, lakini atakuwa amefunzwa kuona kwamba sauti ya nyumbani kwao ni sauti mbovu.

Hatusemi piano ni adui. Mwaka 1932 mjini Cairo ulifanywa mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, wakakutana mabingwa wa Mashariki na wataalamu wa Ulaya, na mojawapo ya mambo waliyobishania ni kama piano ina nafasi katika muziki huo au haina. Wakubwa hao hawakukubaliana, basi na sisi tusijifanye tumemaliza mjadala. Isitoshe, taarabu yetu ya Mombasa imekwisha kupokea kodiani na kinanda cha umeme, na nyimbo nyingi zetu za mahadhi ya Kihindi hazina robo. Neno letu ni kwamba mzazi ajue mapema chuo kitampa mwanawe sikio gani, asije akagundua baada ya karo kulipwa.

Hesabu ya saa

Tuje katika hesabu, maana hapa ndipo wengi hupunjika bila kujua.

Miaka miwili yaonekana mingi. Lakini chuo chenye likizo zake chafundisha yapata juma thelathini kwa mwaka. Mwanafunzi akipata saa moja kwa juma ya kukaa peke yake na mwalimu wa ala yake, basi kwa miaka miwili atakuwa amekaa naye saa sitini. Saa sitini ni siku mbili na nusu, usiku na mchana. Hizo ndizo zinazonunuliwa kwa ile karo. Mengine yote ni madarasa ya jumla ambayo hata kitabu chaweza kuyafundisha. Na iwapo saa hiyo moja hugawanywa kwa wanafunzi sita waliowekwa chumba kimoja, kila mmoja hupata dakika kumi, na miaka yake miwili huwa ni saa kumi tu. Hapo mzazi amelipia nini?

Ndiyo sababu swali la kuuliza chuoni ni hili: mwanangu atakaa na mwalimu wake peke yao saa ngapi kwa juma, na mwalimu mwenyewe ni nani, jina lake? Chuo chenye walimu hakitaona haya kuwataja. Chuo kinachojibu kwamba walimu watatafutwa muhula utakapoanza, mshukuru kwa adabu, uondoke.

Swali la pili ni la mazoezi. Mwanafunzi anayefanya mazoezi saa mbili kila siku atapata kiasi cha saa elfu moja na mia nne kwa miaka miwili, na hizo ndizo zitakazomfanya mpigaji. Je, chuo kina ala za kutosha, na vyumba vya kufanyia mazoezi vilivyo wazi jioni? Au pana udi mmoja umefungiwa kabatini, na ufunguo uko kwa karani ambaye hutoka saa kumi?

Vyuo vyenyewe

Tukitazama katika Afrika ya Mashariki, vyuo si vingi, na kila kimoja kina kazi yake.

Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, kilichoanzishwa mwaka 1944. Kwa miaka mingi kimewatayarisha wanafunzi kwa mitihani ya bodi ya Uingereza, ile ABRSM iliyoundwa mwaka 1889, yenye daraja nane. Anayetaka kusoma noti barabara, kupiga piano au fidla kwa njia ya Kizungu, atapata msingi wa hakika. Nairobi hiyo hiyo pana Kenyatta University, ambacho shahada yake ya muziki ni ya miaka minne, nayo yamfaa anayetaka kuzama katika utafiti na nadharia.

Tanzania Bara kuna chuo cha Bagamoyo, kilichofunguliwa kuwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na tangu 2007 kikaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Nguvu yake ni kwamba ngoma, mchezo wa jukwaani na muziki hufundishwa pamoja, na tamasha lake la kila mwaka humsimamisha mwanafunzi mbele ya watu.

Na Unguja kuna Dhow Countries Music Academy, yaani chuo cha muziki cha nchi za majahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002 katika jengo la forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Hiki ndicho kilicho karibu zaidi na sikio la mtu wa pwani, kwa kuwa taarabu, kidumbaki na ngoma ndizo zilizokuwa msingi wa masomo yake tangu mwanzo, na udi, kanuni, fidla na kodiani hufundishwa na watu waliokulia katika vikundi vya huko. Lakini tuseme kweli yote. Mwaka 2019 chuo hiki kilitangaza kwamba fedha za wafadhili zimekatika na kwamba kiko katika hatari ya kufungwa. Kilinusurika. Hata hivyo mzazi wa leo ana haki ya kuuliza: mwanangu akianza, mishahara ya walimu ni ya hakika hadi atakapomaliza? Swali hilo si la utovu wa adabu. Chuo chema kuliko vyote kikifungwa katikati ya masomo, mwanafunzi hubaki njia panda.

Jina la karatasi

Baada ya mwalimu, ndipo tuje kwenye karatasi. Hatuidharau. Sheikh hupewa ijaza, na kijana wa leo akienda kuomba kazi ataulizwa cheti.

Kwanza, tuelewane juu ya majina. Katika nchi yetu kozi ya miaka miwili au zaidi kidogo huwa ni ya stashahada, na chini yake kuna cheti. Shahada ya chuo kikuu huchukua miaka minne. Marekani wana shahada ndogo ya miaka miwili, lakini hata kwao iko chini ya ile ya miaka minne. Basi akija mtu Mombasa au Malindi akakwambia atampa mwanao shahada kamili kwa miaka miwili, muulize ni shahada gani na nani ameiidhinisha. Hata alama za kuingilia hazifanani: shahada hutaka wastani wa C ya kujumlisha, na stashahada C ya kutoa.

Pili, hakikisha chuo kimesajiliwa. Vyuo vya stashahada husimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya ufundi, TVETA, na vyuo vikuu husimamiwa na tume yao, CUE. Chuo cha Tanzania kina baraza lake la huko, NACTVET. Mtoto akisomea nje na kurudi, karatasi yake yaweza kuhitaji kulinganishwa na za hapa, na kwa ajili hiyo iko mamlaka ya KNQA iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2014. Mambo haya huulizwa kabla ya kulipa. Usikubali kuambiwa kwamba usajili "uko njiani". Njia hiyo yaweza kuwa ndefu kuliko miaka miwili.

Tatu, kijana ajue anataka kuwa nani. Akitaka kuwa mwalimu wa muziki katika shule ya serikali, stashahada ya upigaji peke yake haitamfikisha. Tume ya walimu hutaka na mafunzo ya ualimu. Na nafasi hiyo si ndoto, maana katika mtaala mpya mkondo wa Sanaa na Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari ya juu, na shule zitahitaji walimu. Akitaka kuwa fundi wa kurekodi, atafute chuo ambacho mwanafunzi hushika mitambo kwa mkono wake. Na akitaka kuwa mpigaji, tumekwisha kusema: amtafute mpigaji.

Haki za binti, na haki za sala

Mzazi wa Kiislamu ana maswali mengine ambayo haoni haya kuyauliza shuleni, lakini akifika katika chuo cha muziki hujihisi kama mgeni asiyestahiki kusema. Aseme. Je, ratiba ina nafasi ya sala, na Ijumaa je? Maonyesho ya usiku hufanywa wapi, katika kumbi za heshima au katika vilabu vya pombe? Binti atalala wapi, na masomo ya peke yake na mwalimu mwanamume hufanywa katika chumba cha namna gani? Mlango wenye kioo, au ulioachwa wazi, ni jambo dogo linalomkinga mwanafunzi na mwalimu pia. Chuo chenye heshima kitakuwa kimekwisha kuyafikiria haya, na kitajibu bila kukunja uso.

Wala tusiseme kwamba njia rahisi ni kumnyima binti. Ni Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 akaitia sauti ya Kiswahili katika santuri. Kuwekewa masharti mema ndiyo njia ya kumlinda msichana mwenye kipawa. Kumwambia asisome hakumlindi, humsukuma tu akajifunze kwa siri na kwa watu wasiofaa.

Na walimu walioko kwetu?

La mwisho si la wazazi, ni la wakubwa wetu. Juma Bhalo alitutoka mwaka 2014. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, alitutoka mwaka 2016. Kila mmoja wao alikuwa chuo kizima, na vijana waliopata kukaa mbele yao wakashikwa kidole mpaka kikatulia kwenye uzi ni wachache. Wengi wa waliobaki huzijua nyimbo zao kwa kusikiliza kanda. Kanda humwonyesha mwanafunzi alipokosea ikiwa ana sikio la kutambua, lakini haimwambii kwa nini, wala haimrudishi.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni, na pia vyuo vya ufundi vya vijijini. Mambo hayo mawili yako katika mkono mmoja. Ni vipi basi chuo cha ufundi kinaweza kuwa na cherehani ishirini na mashine za kuchomelea, kisiwe na udi mitano na mzee mmoja anayelipwa mshahara wa kufundisha? Hatuombi jumba la ghorofa. Twaomba chumba, ala, na mwalimu mwenye umri mkubwa ambaye bado vidole vyake vinafanya kazi. Akishalipwa na kuandikwa, na wanafunzi wake wakatahiniwa na kupewa cheti kinachotambuliwa, hapo kijana wa Kisauni au wa Faza hatalazimika kuvuka mipaka kutafuta ilimu iliyoanzia mlangoni kwao. Kila mwaka unaopita bila ya jambo hili kufanywa, mwalimu mmoja huenda, na mwalimu akienda hatupati tangazo la kumtafuta mwengine.

Wazazi nao wasingoje kaunti. Wakati wa mashauri ni sasa, na kuuliza si ujinga. Panda gari uende ukakione chuo kwa macho siku ya masomo, si siku ya sherehe. Keti nyuma ya darasa. Msikilize mwanafunzi wa mwaka wa pili akipiga, kwani huyo ndiye mwanao atakavyokuwa. Tafuta waliomaliza miaka mitatu iliyopita, uulize wako wapi na wanakula nini. Kisha mwulize mwalimu kwa heshima zote lile swali la wazee: nawe, maalim, umesoma kwa nani? Akikujibu kwa furaha, akaanza kukutajia majina, kaa uzungumze naye. Ukiwa umefika hapo, suala la karo litakuwa na maana.

Nasi, kwa kuwa si desturi ya ukurasa huu kuagana mikono mitupu, twamwachia msomaji ubeti mmoja wa kwendea safari hiyo:

Chuo si rangi na lango, chuo ni wake mwalimu,
Si cheti wala kiwango, kisichobeba ilimu,
Tazama lilipo lengo, uliza tena fahamu,
Ndipo umtie mwana, apate fani na jina.